Pini ya Mkatale

Binti yangu alichagua ngome ya zamani kwa sababu Jumapili hujaa watu. "Mbele za watu hatathubutu, baba," aliniambia asubuhi jikoni, akipanga mikate na chupa ya chai kapuni. Shavu lake la kushoto alikuwa amelipaka poda nyingi. Mpango wake ulikuwa huu: tutembee, tule, kisha amwambie mumewe kwamba yeye na mtoto hawarudi kwake tena.

Mumewe tulimwita Tingatinga, kwa mashine aliyoiendesha kwenye ujenzi wa barabara na kwa mwili wake pia. Garini alitutania njia nzima.

"Mama mkwe, shika wigi, nakanyaga mafuta!"

Mke wangu alicheka kwa adabu. Kwenye kona binti yangu akasema, "Punguza mwendo, mtoto atatapika." Tingatinga akamzaba kofi kwa mgongo wa mkono, macho yake barabarani, kama anayefukuza nzi. Nilimgeukia mjukuu wangu. Alikuwa ameziba masikio kabla kofi halijatua.

Huko ngomeni, mtembezaji wa wageni alituonyesha mizinga, kisha mkatale: mbao mbili nzito zilizoungwa kwa bawaba, zenye matundu ya kubania miguu ya wafungwa, na pini ya chuma ikining'inia kwenye mnyororo.

"Huu tumeuchonga upya, watu wapigie picha," alisema. "Ila pini msiingize. Mbao zimevimba kwa mvua." Akaenda kupokea wageni wengine.

Tingatinga hakungoja. Aliketi, akaweka miguu. "Mke wangu, nifunge! Mahabusu mtukufu, mkubwa kuliko jela yenyewe!"

Binti yangu amekulia katika karakana yangu ya kuchomelea mageti. Niliwahi kuona geti likimvunja fundi mwenzangu mgongo kwa kukosa pini, na tangu hapo sheria yangu ikawa moja: ukifunga, pini ndani, kisha gonga. Alishusha ubao, akaingiza pini, akaokota jiwe, akagonga. Mikono ilifanya yenyewe. Nilimwona akishtuka.

"Haya, fungua," alisema Tingatinga baada ya picha.

Binti yangu akavuta. Pini haikusogea.

"Unanichezea? Unadhani sijui mnayopanga na baba yako? Leo mtoto anakwenda kukaa kwa dada yangu. Na wewe nyumbani tutaonana."

"Mtoto haendi popote," alisema binti yangu. "Na mimi sirudi kwako."

Tingatinga akamkamata nywele, akamgongesha uso kwenye ubao, mara ya kwanza, mara ya pili. Niliusikia mfupa wa pua ukivunjika. Watu walipiga kelele wakarudi nyuma. Ndipo mke wangu, yule wa kucheka kwa adabu, alipoinua chupa ya chai kwa mikono miwili na kumpiga nayo mdomoni. Meno yakaruka. Tingatinga aliisukuma chupa ile kando, akahamisha mkono kwenye koo la binti yangu, akabana. Macho ya mwanangu yakaanza kugeuka.

Nilikishika kidole gumba cha Tingatinga. Mikono yangu imekunja nondo miaka mingi. Nilikikunja kuelekea nyuma hadi kikalia kama kijiti kikavu, na bado nikaendelea. Alilia kama mtoto, akaachia.

Binti yangu alitambaa, akakohoa, akatema damu. Kisha akasimama, akauokota ufunguo wa gari uliomdondoka mumewe.

"Nitakuua!" Tingatinga alifoka, akirusha kiwiliwili huku na huku. Vifundo vya miguu vilichunika, mkatale haukutikisika. "Mzee, nitoe hapa! Mimi mkweo!"

Binti yangu alinitazama. "Baba, unaweza kuitoa?"

Niliinama nikachungulia. Ncha ya pini ilichomoza chini. Pigo moja kutoka chini lingetosha.

"Naweza."

"Usiitoe."

Nilisimama, nikajipangusa magoti. Mtembezaji alikuwa akija mbio na askari wa lango. "Nani kaingiza pini?" aliuliza.

"Mimi," alisema binti yangu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Na yeye ndiye kanivunja pua. Watu wote hawa wameona. Askari, huyo hana haraka. Andika kwanza maelezo yangu."

Alipomaliza, tuliingia garini, yeye kwenye usukani. Mayowe ya Tingatinga yalitufuata hadi langoni. Mjukuu wangu aliyasikiliza, mikono yake mapajani.