Sifuri ya Okantey

Okantey aliipata habari ile kwa muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, si kwa meneja wake. Alikuwa ametoka kukimbia ufukweni, jasho halijakauka, anasubiri samaki wake akaangwe, Dede alipomwambia bila kuinua uso kutoka kwenye kikaango:

"Kwa hiyo ni Laryea anayekwenda Johannesburg."

"Kufanya nini?"

"Kupigania mkanda wa Afrika. Ina maana hujui? Wewe mwili wa lori, masikio ya kuku."

"Mkanda ule ni zamu yangu, Dede. Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni."

"Basi kamwambie Laryea. Nikuongezee pilipili?"

Aliacha chakula palepale. Vijana wembamba wa mtaa wao wa Bukom, ambao yeye angeweza kuwabeba wawili kwapani, walikuwa wamekwisha kupigana London na Marekani wakarudi. Yeye, mtu wa uzito wa juu pekee aliyebaki mtaani ukimtoa Laryea, alikuwa bado anazunguka hapahapa Accra. Alishinda mapambano ishirini na mbili, hakupoteza hata moja. Lakini kati ya aliowashinda kulikuwa na fundi wa kuchomelea kutoka Lomé, mlinzi wa ghala kutoka Cotonou, na mwingine aliyeanguka kabla ngumi haijamfikia vizuri.

Alimkuta meneja wake, Ataa Sowah, ameketi kwenye benchi la uwanja wa mazoezi, anakunja bendeji za mikono. Alizifua mwenyewe kila wiki, hakumwamini mtu mwingine.

"Ataa, ni kweli?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha."

Mzee akaendelea kukunja. "Watu wa bingwa walitaka pambano liwe kwao. Nikasema hapana, liwe hapa. Wakakubali. Likabaki suala la majaji. Nilitaka wawili kati ya watatu watoke upande wetu, na nikawavuta, nikawavuta, mpaka wakakubali."

"Sasa?"

"Sasa makuhani wakawa wamepanda mtama."

Okantey alimtazama. Kila mtoto wa Accra anajua kwamba mtama wa sikukuu ya jadi ukishapandwa, mji unaingia katika mwezi wa kimya. Hakuna ngoma, hakuna spika, hata kanisani wanapunguza sauti. Nani angepiga kengele ya ulingo mbele ya watu elfu tano?

"Ataa, wewe umezaliwa hapa. Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilidhani nitawahi. Jaji mmoja tu ndiye aliyenichelewesha."

"Wakasemaje?"

"Wakasema basi, njooni Johannesburg. Nikakataa. Wakamchukua Laryea."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema ndiyo."

Ataa Sowah, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumla Okantey hata pesewa moja, na mke wa Okantey alipojifungua kwa shida, mzee ndiye aliyekesha hospitali. Lakini aliilinda ile sifuri ya kupoteza kama mtu anayelinda yai kiganjani, na mtu mwenye yai kiganjani hawezi kushika kitu kingine.

Siku ya pambano walitazama pamoja sebuleni kwa mzee. Laryea alikuwa na uzito mdogo mno kwa yule bingwa, lakini hakurudi nyuma. Kuanzia raundi ya saba bingwa alipumua kwa mdomo, na kila aliporusha ngumi ya kushoto, mkono ulirudi chini, ukaacha shavu wazi. Okantey aliliona pengo lile. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe gotini.

Majaji wakampa bingwa ushindi wa pointi.

"Umeona?" Ataa Sowah alisema, karibu afurahi. "Wamemwibia mchana kweupe. Huko ndiko ningekupeleka?"

"Mimi nisingewaachia majaji," Okantey alisema.

"Wote husema hivyo."

Laryea aliporudi, jicho moja limefumba kabisa, watu walijaa kichochoroni kwao kama kwenye harusi. Alipomwona Okantey alimvuta pembeni.

"Kaka, yule mtu anachoka. Wallahi, mkono wako mmoja tu ungetosha. Nilipokuwa mle ndani nilikuwa nakuwaza wewe."

Alikuwa anamfariji. Okantey akamshukuru, akamwambia aweke barafu juu ya jicho, akaondoka upesi kabla uso haujamsaliti.

Jumatatu alikwenda mazoezini kama kawaida. Ataa Sowah akamshika mkono wa kulia, akaanza kuuzungushia bendeji.

"Mwezi wa tisa nimekupatia mtu. Wa Cotonou."

"Yule mlinzi wa ghala?"

"Mdogo wake."

Okantey alicheka, kicheko kikakatika. "Ataa, nitafutie mtu anayeweza kunipiga."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Na ukishapigwa? Ile sifuri ikiondoka, nitakwenda kukunadi kwa kitu gani? Umri wako? Una miaka thelathini na nne."

Alilisema polepole, bila hasira, na Okantey akaona kwamba ndivyo alivyoamini kweli. Miaka yote ile mzee hakuwa akimficha kwa sababu anamwona bora. Alikuwa akimficha kwa sababu hakuwa na hakika.

Akauvuta mkono wake. Akaifungua bendeji, akaikunja vizuri jinsi alivyofundishwa na mzee yuleyule, akaiweka juu ya benchi. Mkataba wao ulikuwa umebakiza mwaka mzima, na bila sahihi ya Ataa Sowah hakuna promota ambaye angemgusa. Alilijua hilo wakati anachukua shati lake.

"Kesho usichelewe," mzee alisema nyuma yake.

Okantey akatoka nje. Alivaa shati akiwa njiani.