Usia wa Fundi Saa

Kwa miezi mitatu kichwa kilimgonga fundi saa upande wa kulia, kuanzia kisogoni hadi nyuma ya jicho. Hospitali hakukanyaga. Alijipima kwa hofu yake mwenyewe, akajikatia hukumu: ana uvimbe kwenye ubongo. Basi Jumapili moja akampigia simu kaka yake, akamwaga yote aliyoyaficha moyoni kwa miaka.

"Mimi ndiyo naondoka, kaka, na sitaki kuondoka na kinyongo. Mama alipougua ulijifanya una kazi nyingi. Nilimuuguza peke yangu. Wewe ni ndugu wa jina tu."

Asubuhi yake kaka alikuwa mlangoni, begi mkononi, macho mekundu.

"Vaa viatu. Twende hospitali."

Daktari alimpima kwa makini, hakuona dalili ya uvimbe, akampeleka kwa mama mmoja wa chumba cha mazoezi ya viungo.

"Unafanya kazi gani?" mama yule akamuuliza.

"Natengeneza saa."

"Hebu kaa unavyokaa kazini."

Fundi akainama, kidevu kikagusa kifua, bega la kulia likapanda. Mama yule akambonyeza kwa vidole viwili chini ya kisogo. Fundi akaruka, maumivu yaleyale yakapanda mpaka jichoni.

"Ndiyo hayo?"

"Hayo hayo!"

"Basi kichwa kizima, baba. Inayolia ni shingo, kichwa kinapelekewa kilio tu. Inua meza yako, na kila nusu saa usimame, ujinyooshe."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Usia wote ule, kumbe shingo! Hata kumtazama kaka yake, aliyekaa pembeni amepakata begi, alishindwa.

Walipotoka nje akajikaza. "Kaka, yale maneno... ni maumivu tu yalinisemesha."

"Usiisingizie shingo. Ulisema kweli. Niliogopa kumwona mama akiisha vile." Kaka akahamishia begi mkono wa pili. "Ila ungeniambia zamani, ukijua utaamka kesho."

Alikaa siku mbili, akaipigilia meza ya fundi miguu mirefu zaidi. Fundi alimpa misumari mmojammoja, macho chini.

Baada ya wiki tano hivi kichwa kilitulia. Aibu haikutulia. Mpaka leo kaka akipiga simu kumjulia hali, fundi hujibu, "Nafuu, kaka," kisha husingizia mteja, akakata.