Wembe Begani mwa Bibi Harusi

Wembe ulikuwa umeshapita bega langu la kushoto nilipotambua kwamba mimi ni mjinga. Tena si kidogo, mjinga wa kupigiwa mfano.

Nilikuwa omugole, bibi harusi wa wiki tatu, Nshamba, nyumbani kwa wakwe zangu. Kwetu Wahaya omugole halimi wala hapiki. Anakaa ndani, analishwa, na kila aambiwalo anaitikia kwa sauti ndogo. Kukaa huko kukanipa maumivu ya bega. Mama mkwe wangu, Mae Annastella, aliposikia hakuuliza mara mbili. Akamwita mzee Burhani aje aniumike, yaani anichanje na kuivuta damu mbaya kwa pembe ya ng'ombe. Watoto wake sita wote waliumikwa, na wote wazima.

Asilolijua Mae ni hili: miaka minne kabla, huko Dar es Salaam, madaktari walinifungua kifua wakaniwekea vali ya chuma moyoni. Tangu hapo kila jioni nameza warfarini, kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali hiyo. Anayekitumia akikatwa, damu haina haraka ya kukoma. Mume wangu Julius alijua. Tulikubaliana kuwaficha wazazi wake, maana nani anataka mukamwana, mke wa mwanawe, aliyeshonwa moyo? Blauzi zangu zote zilifungwa hadi shingoni.

Ningeweza kukataa. Lakini omugole akatae! Nikajidanganya: chale tatu tu, zitakauka.

Wapi! Pembe ilijaa, Burhani akaimwaga, akabandika kitambaa, kikalowa. Cha pili kikalowa. Damu ikatiririka hadi kwenye mkeka. Burhani, aliyekuwa akipiga soga tangu aingie, akamwita Mae.

"Kuna nini hapa?" Mae akauliza.

Nikafungua vifungo mwenyewe. Nikamwonyesha kovu, kutoka chini ya koo hadi juu ya tumbo, na nikasema kwa sauti yangu halisi, ile ambayo Nshamba walikuwa hawajaisikia: "Mae, nina ugonjwa wa moyo. Natumia dawa, damu yangu haigandi upesi. Kandamiza hapa kwa nguvu, usiachie, na itafutwe gari. Sasa hivi. Tukichelewa nitakufa mikononi mwako."

Sijasikia omugole aliyemwamuru mkwe wake hivyo. Nilitegemea matusi. Jamani, yule mama alinikandamiza kwa viganja vyote viwili, garini, njia nzima hadi hospitali ya Muleba mjini, huku akinigombeza kwa Kihaya: nilitaka kumfanya muuaji ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nililia kwa aibu. Alikuwa na haki.

Muuguzi alipomaliza kulifunga bega, nilisubiri swali nililoliogopa tangu uchumba, kwa nini mwanawe alioa mgonjwa. Hakuliuliza. Aliuliza kidonge changu kinamezwa saa ngapi.

"Saa moja jioni, Mae."

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Sasa mimi na Julius tunaishi Kahororo. Kila mwezi napimwa damu, nafundisha darasa la sita, na asikudanganye mtu, niko imara. Kila jioni, saa moja kamili, simu inaita kutoka Nshamba. Mae hasalimii.

"Maji unayo?"

Nameza. Naye hakati simu mpaka asikie koo langu limeshusha.