Mivule Tisa ya Bomani

Mfaume alikuwa amefagia nusu ya bustani ya boma la Kisarawe, na wanawake waliokuja zahanati wameshatandika kanga zao kivulini, pale karani alipoingia na utepe wa kupimia. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mchele haukushikika, na kaniki uliipata kwa kujuana. Kivuli tu kilikuwa bado cha bure.

Karani aliitwa Kasiani, Mnyamwezi wa Tabora, ametumwa kuthamini miti ya kukatwa. Aliuzungushia utepe mvule wa kwanza, akaandika. Karatasi yake ilikuwa na safu nne: mbao, nguzo, kuni, mkaa.

"Na huyu?" Mfaume akamwonyesha Siwema, mmoja wa wanawake wale, aliyetembea tangu alfajiri kutoka Mzenga. Mwanawe mwenye homa alikuwa amepata usingizi, mara ya kwanza tangu juzi. "Anaingia safu gani?"

"Hana safu, mzee. Mti ukishanenepa hivi, unakwenda kwa wapasua mbao."

Mfaume akaunyakua utepe, akautia ndani ya shati.

"Mnyamwezi wee! Umeingia kwa Wazaramo bila hodi, unatushikashika miti kama unanunua mbuzi! Mtani wako mimi. Faini!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kasiani naye akacheka; kwenye utani hakuna kwenda kushtaki.

"Faini gani, mla mihogo? Mfukoni sina kitu."

"Lala hapo, mpaka nimalize kufagia."

Kasiani alikuwa amekesha juu ya lori kutoka Mlandizi, na kichwa kinamgonga. Akajilaza kwa mzaha. Haukupita muda akawa anakoroma. Mfaume alifagia polepole kuliko siku zote.

Kasiani alipoamka, adhuhuri ilishapita. Akajishika paji la uso.

"Kichwa kimeacha," alisema, akabaki anatazama majani juu. Kisha akafuta alichoandika, akajaza upya, akamsomea Mfaume: "Miti tisa. Yote mibovu, imeliwa na mchwa ndani."

"Mibovu? Miti yangu hii? Igonge usikie!"

"Nyamaza, mtani. Mzima ndio unaokatwa. Tia dole gumba hapa, uwe shahidi."

Mfaume akaitazama mivule yake, minene, mizima. Akachovya dole kwenye wino, akalikandamiza chini ya neno lile. Kisha akalipangusa kwenye gome la mvule wa karibu, taratibu, kama anayeuomba radhi.