Kufeli kwa Makusudi

Pale Sladek, Texas, wavulana wa timu ya shule walikuwa na mtihani mmoja tu waliojiandalia kwa bidii, na walijiandaa ili waufeli. Ulifanywa kila Agosti kabla ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na wa kurusha kwa mkono, katika chumba cha kompyuta ambacho kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa siku nyingi. Maneno yalipita kwenye kioo moja moja, kisha yakaondolewa, na mchezaji akaulizwa ni yapi aliyoyaona. Yakafuata maumbo na rangi, na kubonyeza kitufe haraka. Alama zikahifadhiwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu, alirudishwa mbele ya kompyuta ile ile, na alama zikiwa zimeshuka kuliko za Agosti, alivuliwa helmeti na kuwekwa benchi mpaka ubongo utulie.

Jambo zuri kabisa, lililobuniwa na watu wenye nia njema ambao hawakuwahi kuishi Sladek. Mwaka Dalton Hruska alipojiunga na timu, mkubwa wa wachezaji alikuwa Buck Janda, naye aliwakusanya wageni wote ukutani kabla hawajaingia.

"Leo nataka muwe wajinga," aliwaambia. "Si wajinga wa kupitiliza, msije mkapelekwa hospitali bure. Wajinga wa kadiri, kama baba zenu. Ukianza chini, hata ugongwe na treni hawataona tofauti."

Kocha Teague alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akiichunguza filimbi yake kana kwamba ameletewa leo.

Dalton alimsimulia Renae Kubala mambo haya jioni ile ile, wakiwa kwenye gari la mzee Hruska, baba yake Dalton, nyuma ya duka la kolache, yale maandazi ya matunda yaliyoletwa Texas na mababu zao Wacheki. Renae alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, na Dalton alikuwa ameacha kumwita jina lake tangu kiangazi kile, alimwita Tarumbeta. Dalton mwenyewe alikuwa kwotabeki, yule ambaye kila mchezo unaanzia mkononi mwake na ambaye lazima ajue kila mwenzake atakimbilia wapi kabla mwenyewe hajajua. Alikuwa na vidole virefu na bega la chuma, lakini kilichomshangaza Renae kilikuwa kichwa chake. Baada ya mechi aliweza kukusimulia mpira mzima, mrusho kwa mrusho, kisha akakusimulia tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo, huku anatafuna.

Kwa kichwa kama hicho, kufeli kulikuwa kazi. Alijitungia kanuni: angesahau kila kitu kinacholiwa. Mlima aliukumbuka, na kiatu, na ngazi. Vyakula vyote alidai hakuviona.

"Vya kula vilikuwa vipi?" Renae alimuuliza.

"Tofaa, siagi, pilipili, asali, kitunguu," alijibu bila kuvuta pumzi.

"Basi mimi nataka tofaa."

Wakanunua kolache za tofaa. Tangu siku hiyo ikawa mazoea yao: kila mwaka akitoka kwenye mtihani Renae alimuuliza vya kula, naye alivitaja vyote, Renae akachagua kimoja, wakaenda kukila. Mwaka wa pili walikula uduvi. Mwaka wa tatu lilitoka jibini, wakala mpaka wakaumwa tumbo.

Kwenye mechi na wapinzani wao wakubwa, Dalton alibebwa juu na kuangushwa kwa kichwa. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akatembea taratibu kwenda kukaa kwenye benchi la timu pinzani. Uwanja mzima ulicheka. Jumatatu walimpima, alama zikawa sawa na za Agosti, na Ijumaa akacheza na kushinda. Mzee Hruska, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa maneno machache, alizunguka mji akipokea pongezi kama bwana harusi. Renae alipuliza tarumbeta mpaka midomo ikavimba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya kwa kijana yule. Walimpenda mno, na walipenda zaidi kumwona uwanjani.

Chuo kikuu kimoja cha Oklahoma kikamchukua. Huko kompyuta zilikuwa mpya, kiyoyozi kilifanya kazi, na wajinga wa kadiri walikuwa wengi vile vile. Aligongwa mara kadhaa. Kila mara alama hazikushuka, na kila kiangazi Renae alikuwa nje akimngoja amwambie vya kula. Siku ligi kubwa ya kulipwa ilipochagua wachezaji wapya, majina yakisomwa kwenye televisheni, sebule ya Hruska ilijaa watu asubuhi, na kufikia jioni walikuwa wamebaki ndugu wachache na sinia za nyama zilizopoa. Jina la Dalton likatajwa karibu na mwisho kabisa. Mzee Hruska, ambaye hakulia hata alipomzika mkewe, alikwenda kusimama nyuma ya jokofu na kulia huko.

Kwenye ligi Dalton hakuwa nyota. Alikuwa wa akiba, anayesimama pembeni akiwa amevaa kofia ya kitambaa, akingoja mwenzake aumie. Yeye na Renae, sasa mke wake, walihama kutoka mji wa baridi kwenda mji wa joto, kisha mji wa baridi tena. Akiingizwa, alicheza vizuri, na aligongwa na wanaume wenye uzito wa ng'ombe. Bahati yake, kama ni bahati, helmeti ya ligi ina spika ndani na kocha anamnong'oneza kwotabeki mpango wa kuwaitia wenzake, na mipango mingine imeandikwa kwenye mkanda wa mkononi. Mtu anaweza kuishi humo muda mrefu bila kukumbuka chochote.

Renae alianza kuona mambo, akayapa majina mengine. Uchovu. Usingizi mbaya. Kisha Novemba moja, Dalton akiwa uwanjani na wenzake wameinama kumzunguka wamsikilize, aliwaitia mpango wa Jogoo Mwekundu. Wakatazamana. Jogoo Mwekundu ulikuwa mpango wa Kocha Teague, shule ya Sladek, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuusikia. Waliangua kicheko wakidhani anatania, spika ikamnong'oneza tena, akaita uliotakiwa. Mchezaji mmoja alimsimulia Renae kisa hicho kwenye sherehe ya Krismasi. Renae alicheka naye, kisha akaenda msalani akajifungia huko.

Masika yale Dalton alimuuliza wakiwa mezani, "Baba yako mbona hapigi simu siku hizi?"

"Dalton," Renae alimwambia, "ulibeba jeneza lake."

Aliweka uma chini. "Najua. Nimechoka tu."

Mwaka huo ndipo kocha wa timu alipomwita ofisini na kumwambia msimu ni wake. Kwotabeki wa kwanza alikuwa ameumia goti na hangerudi. Miaka yote ya kusimama pembeni, na sasa mlango umefunguliwa. Alimletea Renae habari hizo akiwa amemwinua juu kama mtoto, na Renae akajiona mchawi kwa alichotaka kusema. Akakisema hata hivyo. Kila Julai, kwenye mtihani wa timu, alikuwa bado anasahau vya kula kwa makusudi; mara hii asifeli. Ajibu kila kitu, na vya kula pia. Alama zikiwa mbaya wanarudi Sladek, basi.

"Na zikiwa nzuri?"

"Ucheze mpaka meno yang'oke. Sitafungua mdomo."

Dalton aliinua mkono wa kurushia akaapa.

Siku ya mtihani Renae alimngoja kwenye maegesho ya kambi ya mazoezi, vioo vya gari vikiwa vimeshushwa. Alikuwa ameomba kwa Kicheki, sala ya bibi yake, ambayo hakuielewa yote. Dalton akatoka na Pruitt, tabibu wa timu, na wote wawili walikuwa wakicheka. Pruitt akainama dirishani.

"Mumeo ananifurahisha," alisema. "Wengine mwaka huu wanapanda, mwaka ujao wanashuka. Huyu tangu aje hapa yuko palepale. Namba ile ile, hajapungua hata unywele."

Renae alishukuru. Aliona hata mwili ukilegea kwa faraja, na Pruitt alikuwa amekwisha kugeuka na kuondoka ndipo faraja ile ilipomgandia kifuani.

"Ulijibu vyote?" alimuuliza mumewe.

"Vyote. Nilitoka jasho, Tarumbeta. Sijawahi kutoka jasho vile kwa kukaa kwenye kiti."

"Na vya kula?"

"Na vya kula. Si niliapa?" Alifunga mkanda, uso unang'aa. "Palepale, umemsikia. Sasa msimu wangu, na wewe ulisema hutafungua mdomo."

Alikuwa amesahau palepale ni wapi. Palepale palikuwa pa uongo, pa mtu anayejifanya mjinga, na leo alikuwa amefika hapo kwa jasho lake lote. Kompyuta za timu hazikuwa na kosa, zilimlinganisha na mtu pekee ziliyewahi kuonyeshwa. Yule kijana aliyesimulia mpira mzima kinyumenyume, wao wawili walikuwa wamemficha tangu shule, wamemficha vizuri, na sasa hapakuwa na mtu wa kuthibitisha kwamba aliwahi kuwepo isipokuwa Renae. Nani angemwamini mke anayesema mumewe mwenye namba nzuri amepotea?

Akawasha gari, akalizima. Alitaka kukosea. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama hicho.

"Vya kula vilikuwa vipi?" aliuliza.

Dalton alitabasamu, kwa sababu swali alilitambua, na akafungua mdomo. Renae alimtazama anavyovitafuta. Alitafuta kwenye dari ya gari, kwenye viganja vyake, kwenye uzio wa uwanja ambako wenzake walikuwa wameanza kukimbia.

"Mwaka huu sidhani kama waliviweka," alisema mwishowe. Akamgusa goti. "Wewe chagua tu. Nina njaa."

Renae akawasha gari tena na kuliingiza barabarani. Tofaa, alisema moyoni, siagi, pilipili, asali, kitunguu. Akayarudia maneno hayo kwa mpangilio ule ule, polepole, asije akaliacha hata moja.