Mtamba wa Penjor

Shirika moja lilitupeleka Bhutan, sisi wafugaji wachache wa Ngorongoro, tukaone wenzetu wa milimani wanavyochunga. Ni ufalme mdogo wa watu wa dini ya Buddha, na mtu wa kijijini kwetu Malambo akifika kule anatambua kwamba milima alikuwa hajaiona. Tulipanda kwa miguu mpaka pumzi ikanikatika, mimi Lesiamon ninayewacheka watalii wakihema ukingoni mwa kreta. Malipo ni hapa hapa duniani.

Juu kabisa tulilala kwa mzee Penjor, mfugaji wa yaki. Yaki ni ng'ombe, msinibishie. Ana manyoya yanayofagia chini, basi. Chai ya mzee ilitiwa chumvi na siagi. Niliimaliza kwa adabu, akanijazia tena.

Mzee hakuwa na raha. Mwanawe, aliyehamia mjini, alitaka kundi liuzwe, na wanunuzi walikuwa njiani. Wengine wangekwenda kufugwa, lakini yaki mmoja jike, mkongwe, asiyezaa tena, angeishia buchani. Kwa dini yake, kumtoa mnyama akauawe ni dhambi, na huyo alimlea tangu ndama.

"Basi nipe mimi," nilimwambia kupitia kwa Sonam, mkalimani wetu. "Akiwa wangu, nani atamuuza? Wewe utanichungia."

Kwetu Wamaasai kuomba ng'ombe si aibu. Na ukipewa, jina la aliyekupa unaliacha; mnaitana Pakiteng, yaani mliopeana ng'ombe, mpaka kufa. Nilipomweleza hayo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamfunga yaki wangu utepe mwekundu sikioni, alama ya mnyama asiyeuzwa wala kuchinjwa. Wanunuzi walipofika, hawakumgusa.

Niliporudi Malambo nilimtengea Pakiteng mtamba mzuri, maana ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe.

Mwaka huu mvua imetunyima. Ng'ombe wangu wamekufa wote, akabaki mtamba wa Pakiteng, hata sijui kwa nini yeye.

"Baba Nosim," mke wangu Nareyu akaniambia, "watoto wanashindia uji mwepesi, na wewe unalinda ng'ombe wa mtu wa ng'ambo?"

"Si wangu."

"Basi mpigie mwenyewe!"

Alikuwa amekasirika, na hakukosea. Nikampigia Sonam, naye akamuunganisha mzee kwenye simu. Pakiteng alianza kwa kunipa habari za yaki wangu: yuko salama, analamba chumvi mkononi mwake. Nikaona aibu kusema langu, lakini nikasema.

"Ukimuuza huyo mtamba, atachinjwa?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. "Ndiyo, Pakiteng. Wanunuzi wa sasa ni wa bucha tu."

Nilimsikia akisali kwa sauti ya chini, na nikajua nimemtwisha mzigo usio wake. Kisha Sonam akatafsiri:

"Anasema, yaki wako hawezi kumuuza kwa sababu si wake. Lakini huyo mtamba ni wake. Muuze, watoto wapate kula. Dhambi aandikiwe yeye peke yake."

Nilimgeukia Nareyu nikamweleza kwa Kimaasai. Alikuwa ameshashika kamba ya mtamba. Akaiachia, akakaa chini.

"Mwambie hapana," akasema. "Tutakaokula ni sisi. Dhambi hiyo tugawane."

Nikamwambia. Kesho yake nikampeleka mtamba mnadani, na njia nzima nililia bila kujali nani ananiona.