Lame za Nyuma za Gari ya Papa

Fundi Térence alinipandisha hasira asubuhi na mapema. Nilimpelekea pikapu ya papa, baba yetu, kwenye garaje yake ya Kasenga, nikamweleza vizuri: Jumapili baada ya misa ninashindana na kaka yangu Vainqueur kule Kiringye, barabara iliyonyooka, magari matupu, tuone nani atatangulia kufika darajani. Nikishinda, gari ya papa inabaki kwangu. Nikishindwa, kaka anaiuza. Papa tumemzika juzijuzi tu, na tayari wanunuzi wanakuja kupiga teke matairi yake!

Térence akaitika, akaingia chini ya gari. Nikaenda kununua mandazi. Kurudi, amekwisha kuongeza lame mbili nyuma.

Lame ni vile vyuma bapa vilivyolaliana chini ya gari, vinavyobeba uzito wote wa nyuma. Kwetu Uvira fundi akiona pikapu, mkono unakwenda wenyewe kwenye lame. Gari inakohoa? Ongeza lame. Taa haiwaki? Ongeza lame. Ni mihogo iliyowaharibu mafundi wetu, maana pikapu ikitoka Runingu inajazwa mifuko mpaka matairi yanaomba msamaha.

"Fundi, Jumapili minye sibebi mihogo!"

"Dada Jolie, gari bila lame iko aibu. Watu watasema Térence amelewa."

"Panda. Tujaribu."

Tulipofika mahali pa wazi nikakanyaga mafuta. Mama yangu! Nyuma ikarukaruka, matairi yakazunguka bure, vumbi tupu, na kichwa cha Térence kikagonga juu mara mbili. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala, wale samaki wadogo, akatupita kwa miguu, akacheka waziwazi.

"Umeona weye, fundi? Iko ngumu mno. Gari ikiwa tupu, matairi hayashiki chini."

Sasa akakasirika yeye. Akatoa lame karibu zote. Gari ikakaa chini kama kuku kwenye mayai, na nilipokanyaga, ekseli nzima ikajipinda, vyuma vikalia kwa kugongana. Tukaangaliana. Ngumu mbaya, laini nayo mbaya.

Tulishinda pale tukibishana. Mwisho tukatoa zile mbili alizoongeza na moja ya zamani. Sehemu ya mbele ya lame tukaifunga kwa nguvu ili ekseli isijipinde, ile ya nyuma tukaiacha ipumue. Nikakanyaga. Gari ikainama kidogo, matairi yakauma ardhi, tukaondoka! Térence akafanya ishara ya msalaba, kisha akaniomba turudie.

Jumapili Vainqueur akaja na pikapu yake mwenyewe, lame zimejaa, maana yeye ni mtoto mwema wa Uvira. Ciza, mwenye duka la pale, akaangusha kitambaa. Gari ya kaka ikarukaruka kama mbuzi anayekataa kamba. Ilipokuja kutulia, minye niko mbali. Nilifika darajani nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kaka akafika, akashuka polepole. Nilikuwa nimemtayarishia maneno ya kumchoma.

"Kaka, vumbi iko tamu?"

Hakucheka. Akaweka mkono juu ya mlango wa gari ya papa.

"Iko yako. Minye sikutaka kuiuza kwa ubaya, Jolie."

"Ila kwa nini?"

Akageuza uso.

"Kila jioni ukipita nayo mbele ya nyumba yangu, nikisikia moteri yake, ninasimama kwenda kumfungulia papa mlango. Nafika pale ndiyo nakumbuka."

Nikalia, minye Jolie, mbele ya Kiringye nzima, na sikuona haya hata kidogo. Kumbe tulikuwa tunalilia kitu kimoja, kila mmoja kwake.

"Weye fungua tu, kaka," nikamwambia. "Na mke wako apike bukari ya kutosha. Leo ninaingia."